Namba Saba Iko Safi

Wifi yangu hajawahi kunipenda, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Siku ya kwanza mume wangu aliponipeleka kwao, alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, kisha akamwuliza mdogo wake mbele yangu, "Huyu ndiye aliyekuwa anakukosesha usingizi?" Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo tumeishi nyumba moja na jiko moja, tukirushiana maneno juu ya sufuria. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anayesimulia ni nani. Lakini chumvi sitatia, kwa sababu habari yenyewe haihitaji.

Kazini walimwita Gundi. Hakuwa askari, alikuwa raia aliyesomea kompyuta, akaajiriwa makao makuu ya jeshi, kwenye jengo ambalo madirisha yake ya chini yamepakwa rangi nyeupe ili mpita njia asichungulie. Jeshi lilikuwa limenunua mfumo wa kuongozea vita kwa vipande. Programu ya askari wa miguu ilijengwa na kampuni moja, ya mizinga ikajengwa na nyingine, na kampuni hizo zilichukiana kama wake wenza. Kila moja ilikuwa na ramani yake, alama zake, hata namna yake ya kuandika saa. Kazi ya Gundi ilikuwa kuandika vipande vidogo vya kukaa katikati, vipokee habari huku, vizigeuze, vizipeleke kule, ili mkubwa aliyeketi mbele ya skrini adhani anatazama kitu kimoja. Askari ndio waliompa jina hilo. Alijidai linamkera, lakini mimi nimemwona akilitabasamia.

Mambo aliyoyajua yalikuwa mengi, na dharau yake ilikuwa nyingi zaidi. Mtu akikosea kutaja jina la mashine, Gundi hakumsahihisha, alimwacha aendelee kukosea mbele za watu huku yeye akisugua miwani. Kwa binadamu mmoja tu alikuwa laini: mdogo wake, yaani mume wangu. Mama mkwe aliugua sana baada ya kumzaa kitinda mimba huyo, na Gundi akambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Mume wangu alishakuwa koplo, ana ndevu na ana mke, na bado dada yake alimchambulia samaki miiba mezani. Mimi nilikuwa natazama tu. Nilikuwa nikijiambia ipo siku nitamwambia amtafunie kabisa.

Mkuu wa mradi alikuwa Kanali mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumfokea mtu. Raha yake ilikuwa kumwita mfanyakazi aeleze jambo mbele ya wageni, kisha kumwuliza "Umemaliza?" kabla hajafika katikati. Kanali aliupenda mfumo ule kuliko watoto wake. Zamani ofisa wa mizinga akitaka kupiga mahali, alimpigia simu mwenzake wa askari wa miguu na kumwuliza kama kuna watu wetu pale. Mfumo mpya ulikuja kuiondoa simu hiyo. Skrini ya mizinga ingeonyesha bluu kwa wetu na nyekundu kwa adui, na mzinga ungefyatuliwa bila kusumbua mtu. Kanali aliusifia uharaka huo mbele ya waziri, wakapigwa picha.

Ndani ya mfumo kila kombania ilikuwa na namba yake. Kombania ya mume wangu ilikuwa namba saba. Namba fupi zilikuwa za vikosi vya zamani, na askari walizionea fahari. Kombania changa zilipewa namba ndefu kama za simu, na wenye namba fupi waliwacheka hadharani. Mume wangu aliipenda saba yake hata akaichora kwenye ndoo yetu ya kuogea.

Kabla ya kwenda vitani walifanya mazoezi makubwa. Katika mazoezi lazima kombania moja iigize adui, na kila mwaka Kanali aliichagua Saba, kwa sababu kapteni wake aliwahi kumsahihisha ramani mbele ya watu. Kuigiza adui ni adhabu. Unalala mtaroni, unakula vilivyopoa, na kila siku sharti ushindwe. Mume wangu alirudi na matope mpaka masikioni, akicheka. "Tumeuawa mara nyingi mpaka nimeanza kuzoea," aliniambia.

Kwa muda wa mazoezi hayo, ya kwanza kufanywa na mfumo mpya, Saba iligeuzwa nyekundu katika programu zote. Mazoezi yalipokwisha, programu ya askari wa miguu iliirudisha bluu yenyewe. Siku iliyofuata Gundi alikuwa akikagua vipande vyake, akafungua skrini ya mizinga, akaiona Saba bado nyekundu. Alidhani kosa ni lake. Alitafuta asubuhi nzima, akakuta vipande vyake vinapeleka habari sawasawa. Tatizo lilikuwa ndani ya programu ya mizinga. Hiyo ilijiwekea kumbukumbu yake, na walioijenga hawakuwahi kufikiria kwamba adui anaweza kugeuka rafiki. Kwake yeye adui aliondoka kwa njia moja tu: apigwe, na ofisa wa mizinga athibitishe kwamba amepigwa. Mazoezini Saba iliuawa na askari wa miguu tu, mizinga haikuandika pigo hata moja.

Gundi alikwenda kwa Kanali.

"Afande, Saba bado ni adui upande wa mizinga."

"Mazoezi yamekwisha."

"Yamekwisha kwa askari wa miguu. Programu ya mizinga haijui, na haifutiki kwa mkono. Lazima kampuni iliyoijenga ije kuifungua."

"Mfumo huu nimeupokea mbele ya waziri," Kanali alisema polepole. "Nimemwambia hauna dosari. Unataka nimpigie simu nimwambie nilikuwa natania?"

"Basi afande, turuhusu mizinga iandike pigo la mazoezi tu, pigo la uongo, ili alama iondoke."

"Kila pigo linaandikwa, na kila linaloandikwa linasomwa. Umemaliza?"

"Afande, mdogo wangu yumo Saba."

Kanali alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatabasamu. "Ahaa. Angekuwa mdogo wa mtu mwingine, ungekuja mbio hivi?" Kisha akamweleza, kwa upole uleule, kwamba udhaifu wa mfumo ni siri ya vita, na kwamba raia anayetoa siri ya vita analala mahali ambapo hata ndugu yake hawezi kumpelekea chakula. Akamwomba aufunge mlango akitoka.

Pale kazini kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekula meza moja na Gundi. Alikuwa sajenti mzee wa usajili, ambaye kazi yake ilikuwa kuzigawia kombania namba za mfumo, na kwa hiyo wote walimwita Babu Namba. Mtu wa vichekesho, mwenye tumbo la mbele na mwendo wa bata. Alimwita Gundi mwanangu, na alikuwa peke yake aliyethubutu kumwambia, "Mwanangu, leo umenuna kama umelamba betri." Gundi alimwendea siku hiyohiyo.

"Babu, nisaidie. Ipe kombania ya mdogo wangu namba nyingine."

"Saba? Wenzako wanaililia, wewe unaikimbia?"

"Inagongana na kitu kwenye vipande vyangu. Nakuomba usiniulize zaidi."

Babu Namba alikuna kidevu. "Kapteni wao atanichuna ngozi. Haya. Mtu akiniambia usiniulize, mimi huwa siulizi."

Akaigawia Saba namba mpya, ndefu, isiyo na historia, na ile ya zamani ikabaki haina mwenyewe. Mume wangu alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Walikuwa wameshushwa kama makuruta, watu wanawazomea kwenye foleni ya chakula, na eti sababu ni mitambo. Aliipiga meza makonde. Dada yake alikaa mbele yake akimchambulia samaki.

Wakaenda vitani. Mizinga yetu ilipiga juu ya vichwa vyao wiki baada ya wiki, na hakuna hata kigae cha bomu kilichomgusa mume wangu. Alirudi amekonda, miguu ina majipu, ananuka kama gunia bichi. Nilimkumbatia hivyohivyo mlangoni, nikalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Nilikuwa sijui lolote wakati huo. Nilimshukuru Mungu tu.

Sasa lije hili lingine. Babu Namba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyepatikana baada ya miaka ya kuhangaika, na kijana huyo alikuwa ametoka mafunzoni. Alipangwa katika kombania mpya iliyokuwa ndiyo kwanza inaundwa. Siku ya kuisajili, Babu Namba alikuja mezani kwa Gundi amenyoa ndevu, viatu vinang'aa. Kanali alikuwa palepale, nyuma ya kiti cha Gundi, akiwaonyesha wageni skrini.

"Mwanangu," Babu alisema kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha, "ile saba bado tupu, siyo? Nataka niwape kombania ya kijana wangu. Waanze maisha na namba ya heshima, wasichekwe."

Vidole vya Gundi vilisimama juu ya kibodi.

"Yale mambo yako ya kugongana yamekwisha? Niambie kama iko safi. Kama haiko safi, nitawapa hizi ndefu, haidhuru."

Nyuma yake Kanali alikuwa akiwaeleza wageni jambo, akanyamaza. Hakugeuka. Alinyamaza tu, na wageni nao wakanyamaza wakimsubiri.

Wifi yangu aliniambia yote yaliyompitia kichwani wakati ule. Aliwaza jela. Aliwaza mama yake, ambaye siku hizo alikuwa hajiwezi, kwamba nani atamwogesha. Aliwaza kwamba hao ni makuruta, watawekwa kulinda mageti na maghala, na kabla hawajafika mbele kwenye mizinga, ile kampuni itakuwa imeshakuja kurekebisha. Na hili pia aliniambia, akinitazama machoni: aliwaza kwamba mdogo wake alikuwa amesharudi.

"Iko safi, Babu," alisema.

Babu Namba alimpigapiga begani, akaenda zake na mwendo wake wa bata. Kanali akaendelea na wageni pale alipoishia.

Nilipoyasikia haya jikoni kwetu nilitaka kumtupia mwiko. Sawa, siku ile Kanali alikuwa nyuma ya kiti. Lakini korido ilikuwepo. Meza ya chakula waliyokaa pamoja kila mchana ilikuwepo. Kesho yake ilikuwepo, na kesho kutwa. Nilimwuliza ni nini kilichomziba mdomo siku zote hizo. Akasema siku ya kwanza aliogopa Kanali, na siku ya pili aliogopa Babu, maana angemwuliza kwa nini hakusema jana. Siku zilivyozidi ndivyo swali hilo lilivyozidi kuwa zito. Basi akawa anakula naye, anacheka vichekesho vyake, anatazama picha za kijana alizomletea, kijana amevaa magwanda mapya yanayompwaya mabegani.

Makuruta hawakuwekwa kulinda mageti. Kombania mbili za mbele zilichoka, na Saba mpya ikapelekwa kuzipokea. Adhuhuri moja walishuka bondeni kuchota maji. Kwenye skrini ya askari wa miguu walikuwa bluu, wazuri, wamekaa mahali walipotakiwa kukaa. Kwenye skrini ya mizinga walikuwa adui mwekundu ameketi wazi juani. Ofisa wa mizinga hakupiga simu kwa mtu, kwa sababu simu ilishaondolewa. Alifanya alivyofundishwa.

Gundi alikuwa makao makuu, kwenye ukumbi wa skrini, akiziona zote mbili. Aliniambia alisimama, akafungua mdomo, na sauti ikatoka wakati mabomu yameshatoka. Ofisa wa mizinga akathibitisha pigo. Hapo programu ikairuhusu alama nyekundu iondoke, kama ilivyojengwa. Baada ya muda kidogo redio ya waliobaki ikatuma tena mahali ilipo, na Saba ikaingia upya kwenye skrini ya mizinga, bluu. Kanali aliingia akazitazama skrini, moja baada ya nyingine.

"Angalau sasa zinapatana," alisema.

Mtoto wa Babu Namba aliletwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari, na mama yake akakatazwa kulifungua. Gundi alikwenda mazishini. Nilikwenda naye, nikamwona akimshika mama wa watu mikono yote miwili na kumpa pole, na mama wa watu akimshukuru kwa kuja.

Baraza la uchunguzi likakaa. Lilitafuta mtu, siyo dosari. Mfumo ulikuwa umepokelewa na waziri, kwa hiyo haukuweza kukosea. Wakaona kwamba sajenti wa usajili aliigawa namba iliyowahi kutumika bila kuhakikisha kwanza. Babu Namba alisimama mbele yao na magwanda yake yaliyopigwa pasi, akasema alihakikisha. Alimwuliza dada wa kompyuta, akamwambia iko safi, na afande Kanali alikuwepo akisikia.

Kanali aliulizwa. Akasema siku hiyo alikuwa na wageni, hakusikia mazungumzo yoyote.

Gundi akaulizwa.

"Sikumbuki kuulizwa," alisema.

Wakamvua Babu Namba cheo, wakamtoa jeshini bila kiinua mgongo, na wakamwambia ashukuru kwamba wanamhurumia kama mzazi. Gundi hakuguswa. Kanali alimpandisha cheo, akampa ofisi yenye dirisha lisilopakwa rangi. Tangu hapo hakumwuliza tena "Umemaliza?" mbele za wageni. Ile kampuni ya mizinga ilikuja mwezi uliofuata, ikairekebisha programu kabla ya chakula cha mchana.

Haya yote alinieleza siku niliyomkuta amekaa chini jikoni, mgongo ukutani, na sufuria inaungua. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu mimi nilikuwa nishamwona mbaya tangu zamani, hakuwa na cha kupoteza kwangu. Nilimwambia yeye ni muuaji. Akasema ndiyo. Nilimwambia aende akaseme ukweli. Akaniuliza, "Nikisema nilijua tangu mwanzo, watauliza niliifanyia nini namba ya mdogo wangu. Na yeye watamwita. Unataka aitwe?"

Mume wangu alikuwa chumbani akikoroma. Hajui mpaka leo kwamba namba anayoilalamikia ndiyo inayomfanya apumue. Nilimchukia wifi yangu siku hiyo kwa moyo wangu wote, na nilifurahi kwamba lilikuwa sanduku la mtoto wa mama mwingine. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilizima jiko, nikaisugua sufuria.

Jumapili moja mchana mtu aligonga. Mume wangu akafungua. Alikuwa Babu Namba, amevaa shati la raia lililomkaa vibaya, tumbo limekwisha. Nilimletea maji. Gundi alitoka chumbani, akamwona, akasimama akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Kaa, mwanangu," Babu alimwambia, utadhani mwenye nyumba ni yeye. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, Babu?"

"Nilikutaja mbele ya wale watu. Sikupaswa. Nilikuwa nimechanganyikiwa." Aliishika bilauri kwa mikono miwili bila kunywa. "Nimejaribu kuikumbuka siku ile. Nakumbuka viatu nilivyovaa. Nakumbuka nimekuja mezani kwako. Lakini nikitaka kukumbuka maneno, namwona yule kijana tu, basi. Huenda nilikusudia kukuuliza nikasahau kwa furaha. Mzee hupitiwa."

Gundi alikaa. Mume wangu, ambaye hajui kitu, alimwekea mgeni mto mgongoni.

"Mke wangu hasemi na mimi," Babu aliendelea. "Ananipakulia chakula, anageuza uso. Kuna neno moja tu ananiuliza, asubuhi na jioni: ulihakikisha? Nikisema nilihakikisha, ananiambia baraza limesema hukuhakikisha. Nimechoka, mwanangu. Nataka nimpe jibu moja, nilisimamie. Nimekuja kwako kwa sababu wewe hukunidanganya hata siku moja. Nilikuuliza, au sikukuuliza?"

Nilimtazama wifi yangu. Sijawahi kumwomba Mungu kitu upesi namna ile, na sijui hata nilikuwa naomba jibu lipi. Yeye hakunitazama. Alikuwa anamtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, miguu mitupu, anasikiliza kwa huruma.

"Hukuniuliza, Babu," alisema.

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Hakuonekana kuumia zaidi. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa njia. Akanywa maji yote, akanirudishia bilauri kwa adabu.

"Ahsante, mwanangu. Basi nitamwambia hivyo," alisema, akainuka kwa shida.

Mume wangu alivaa ndala akamsindikiza. Barabarani magari yalikuwa mengi, akamshika mkono mpaka akavuka.